Hivi kwa nini tumbaku ilikubali kupandikizwa jeni mapema, mahindi na mtama vikagoma?

#1 Mkulima_Kitere
Wakuu salaam. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa CBG, kaja likizo na hoja ambayo imenikaa kichwani. Anasema mimea ya kwanza kupandikizwa jeni maabara ilitangazwa mwaka 1983, tumbaku ikiwa mojawapo, kwa kumtumia bakteria wa udongoni. Mahindi yaliyopandikizwa jeni na yakazaa mbegu yalikuja kupatikana mwaka 1990, tena hayakupitia kwa bakteria. Yalipigwa bunduki.

Sitaki ubishi wa GMO (viumbe vilivyobadilishwa jeni) nzuri au mbaya, uzi huo upo humu na kila mtu ameshasema lake. Ninachouliza ni kimoja: nafaka zina nini? Mpunga, mahindi, mtama, ngano, shayiri, zote ni jamii moja ya majani. Bakteria aliyeweza kuingia kwenye tumbaku, kwenye mahindi alizuiwa na kitu gani? Mimi nalima mpunga hapa Kitere na mtama kidogo sehemu za juu, kwa hiyo swali hili linanihusu. Wenye elimu tiririkeni.

#2 Chikongola
Bunduki ya kupiga mahindi? Dogo kakuona unapenda stori, mkuu.

#3 FundiChupa
Chikongola, dogo yuko sahihi. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya kukuzia mimea kwenye chupa, bunduki hiyo naijua.

Iligunduliwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na John Sanford na wenzake Ed Wolf, Nelson Allen na Ted Klein. Walianza kwa kupiga vitunguu maji kwa sababu seli za ngozi ya kitunguu ni kubwa na zinaonekana vizuri. Walichukua punje ndogo mno za tungsteni, wakazipaka DNA, wakazirusha kwa nguvu ya baruti. Andiko lao lilitoka mwaka 1987. Siku hizi baruti haitumiki. Gesi ya heliamu ndiyo inayosukuma punje za dhahabu zenye upana wa kama mikromita moja, ndani ya chemba iliyonyonywa hewa. Punje inapasua ukuta wa seli, inaingia na mzigo wake, na seli chache kati ya nyingi zilizopigwa zinauingiza mzigo huo kwenye kromosomu.

#4 Tandahimba_Juu
Hiyo si ndiyo bunduki ya Monsanto? Hao jamaa ndio wenye kila kitu.

#5 MwalimuNdanda
Tandahimba, #3 imeandikwa Cornell. Haki za bunduki hiyo baadaye zilinunuliwa na DuPont. Monsanto walikuwa upande wa bakteria, moja ya makundi matatu yaliyotangaza mafanikio mwaka 1983. Mengine ni la Mary-Dell Chilton wa Marekani na la Marc Van Montagu na Jeff Schell wa Ubelgiji. Mwaka 2013 Chilton, Van Montagu na Robert Fraley wa Monsanto walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo.

Sasa swali lenyewe. Agrobakteria anaishi udongoni na huingia kwenye mmea kupitia jeraha. Ana plasmidi, yaani duara dogo la DNA, na kipande cha duara hilo hukikata na kukisafirisha mpaka kwenye kromosomu za mmea. Porini kipande hicho huleta uvimbe kwenye shina. Watafiti walitoa jeni za uvimbe wakaweka wanazozitaka wao.

Ila bakteria huyu hakurupuki. Anasubiri ishara. Mmea wa majani mapana ukijeruhiwa hutoa kemikali za jamii ya fenoli, mojawapo ni asetosiringoni, na hizo ndizo zinazomwamsha. Nafaka hazitoi za kutosha. Ushahidi huu hapa: mwaka 1994 Hiei na wenzake wa Japan Tobacco waliongeza asetosiringoni kwenye chombo, na mpunga ukapokea jeni kwa wingi kupitia bakteria yuleyule. Mwaka 1996 Ishida, kampuni hiyohiyo, akafanikiwa kwa mahindi. Mimi nasema nafaka hazikugoma. Hazikumwita mgeni, naye hakuingia.

#6 Mkulima_Kitere
Shukrani mwalimu. Lakini kama dawa ilikuwa kuongeza kemikali moja, mbona walihangaika na bunduki miaka yote hiyo? Kuna mtu hajamaliza kusema hapa.

#7 Lukuledi
Mimi naona mnazunguka. Tumbaku ilikuwa mmea wa maabara miaka mingi kabla ya 1983, watu walishajua kila kitu chake: itaota wapi, kwa homoni gani, kwa mwanga kiasi gani. Kipande cha jani la tumbaku ukikiweka kwenye chupa kinatoa machipukizi bila kubembelezwa. Nafaka hazikupata muda huo. Ni suala la nani alifanyiwa kazi kwanza, na fedha zilielekezwa wapi. Leteni hizo fedha kwenye mtama muone kama utagoma.

#8 BwanaShamba_Nachi
Lukuledi, hoja ya fedha haisimami kwenye mahindi. Hakuna zao lililomwagiwa fedha na kampuni za mbegu kuliko mahindi, kwa sababu ndilo zao ambalo mkulima wa Marekani hununua mbegu kila mwaka. Kama fedha ingetosha, mahindi yangekuwa ya kwanza.

Na kuhusu fedha kuja kwenye mazao, sisi wa Nachingwea tusifundishwe. Waingereza walimwaga fedha kwenye karanga hapa kuanzia 1947, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara na bandari, na bado fedha haikuziotesha karanga. Mradi ulifungwa mwaka 1951.

Langu mimi ni hili: tatizo ni aina ya mbegu. Tazameni hayo mahindi ya Ishida ya 1996. Ni mbegu moja inaitwa A188. Ilifanikiwa kwa viinitete (mimea michanga iliyo ndani ya punje) kati ya 5 na 30 katika kila 100, na aina nyingine nyingi zilikataa palepale. Mpunga wa Hiei ulikuwa wa kundi la japonika, ule mfupi unaonata. Mpunga mrefu wa kundi la indika ulisumbua zaidi. Kwa hiyo usiulize kwa nini mahindi yaligoma. Uliza mahindi gani.

#9 Msafiri_Masasi
Hapo kwenye reli umenikumbusha mbali. Babu alikuwa akitusimulia treni ya Nachingwea. Reli ikang'olewa, leo vijana hawaamini kama ilikuwepo.

#10 FundiChupa
Mwalimu na Bwana Shamba, wote mnazungumzia mlango. Mimi nataka kuzungumzia kinachotokea baada ya mlango kufunguka, kwa sababu ndiko nilikotoa jasho.

Kuingiza jeni kwenye seli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifanya seli hiyo moja iwe mmea mzima. Jani la tumbaku lililokatwa, seli zilizo ukingoni mwa kidonda zinaamka na kuanza kugawanyika. Jani la mahindi lililokomaa ukilikata, seli za ukingoni zinakauka na kufa. Jambo hili Ingo Potrykus, yule wa mpunga wa dhahabu, alilisema zamani: nafaka hazina itikio la jeraha linalofaa. Na ndiyo maana hoja ya #5 hainitoshelezi. Bunduki haihitaji ishara yoyote ya fenoli, inapasua tu. Ingekuwa tatizo ni ishara peke yake, bunduki ingepiga jani la mahindi lolote na tungepata mmea. Haikuwa hivyo. Hata wenye bunduki ilibidi watafute tishu changa sana.

Ngoja nieleze kazi yenyewe kwa mahindi, mtaelewa.

Unachavusha gunzi kwa mkono na kulifunika kwa mfuko wa karatasi. Siku 10 mpaka 12 baadaye unalivuna likiwa bado maziwa. Unaliosha kwa spiriti na jiki, unakata vichwa vya punje kwa wembe, halafu kwa ncha ya kisu kidogo unang'oa kiinitete. Kina urefu wa milimita moja na nusu hivi. Ukikichelewesha siku chache kinakuwa kikubwa na hakifai, ukikiwahi kinapasuka mkononi. Unakilaza upande wa ngao, yaani jani la mbegu, ukiangalia juu, kwa sababu seli za pale ndizo zinazoamka. Unakilowesha kwenye maji yenye bakteria kwa dakika chache, kisha vinakaa pamoja gizani siku kama tatu. Baada ya hapo unatia dawa ya kumuua bakteria, maana usipomuua ataifunika chupa nzima.

Kisha unatia 2,4-D. Mkulima wa Kitere, hii unaijua, ni ileile dawa ya magugu ya majani mapana inayopulizwa kwenye mpunga. Kwa kiwango kidogo sana ndani ya chupa inafanya kazi ya homoni: kiinitete kinasahau kuwa kinataka kuota na kuanza kutoa vibonge vyeupe vya kalasi vinavyofanana na korosho iliyosagwa. Unatia pia dawa ya kuchuja. Ile jeni unayoitaka huwa imefungwa pamoja na jeni ya ukinzani, labda dhidi ya haigromisini, ambayo ni antibiotiki, au dhidi ya dawa ya magugu, hivyo seli zisizopokea zinakufa na zilizopokea zinaendelea. Kila wiki mbili unahamisha kwenda chupa mpya. Mwisho unaondoa 2,4-D, unaleta mwanga, yanatoka majani, kisha mizizi, kisha unazoesha mche kwenye udongo. Miezi mitatu, minne, au zaidi. Umeme ukikatika usiku na feni za chumba cha kukuzia zikisimama, asubuhi unakuta ukungu na unaanza upya. Nimeliona hilo na linauma.

#11 Chikongola
Nimesoma #10 mara mbili. Bunduki nimeikubali. Lakini 2,4-D kuotesha mmea? Ile kitu inaua!

#12 Mkulima_Kitere
Inaua majani mapana mkuu, mpunga unabaki. Ndiyo maana tunaipuliza. FundiChupa, hapo umenipa kitu cha kufikiria. Kama dawa hii inaua majani mapana na kuacha nafaka, basi nafaka na hiyo homoni hawasikilizani kama wanavyosikilizana wengine. Haiwezi kuwa ndiyo sababu yenyewe?

#13 FundiChupa
Inaweza kuwa sehemu yake. Kuna wanaosema hivyohivyo, kwamba tofauti iko kwenye namna nafaka inavyoitikia homoni za jamii ya oksini. Jani la mahindi lililokomaa halishtuki hata ulipe homoni kiasi gani.

#14 Bi_Mikindani
Habari za jioni. Naomba kuuliza, samahani kama ni swali dogo. Mahindi ya chotara tunayouziwa dukani, yale ukirudishia mbegu mwaka wa pili yanatoka hovyo, si ndiyo hayo ya bunduki? Na matikiti yasiyo na kokwa?

#15 BwanaShamba_Nachi
Hapana dada. Chotara ni mahindi mawili ya koo tofauti yaliyochavushwa, baba na mama wakiwa shambani. Mwaka wa pili yanaharibika kwa sababu sifa zinachanganyika upya, hakuna jeni iliyotoka nje. Tikiti lisilo na kokwa ni hesabu ya kromosomu, lina seti tatu badala ya mbili, kwa hiyo mbegu haziumbiki. Hata mikorosho bora ya Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, ni ya kuchagua, kuchavusha na kubebesha. Mnasingizia sana.

#16 Tandahimba_Juu
Wewe Bwana Shamba unatetea sana. Mbona serikali ilipiga marufuku kama hakuna kitu? Naliendele walikuwa wanafanya majaribio ya GMO, nilisikia redioni.

#17 MwalimuNdanda
Jaribio lilikuwa Makutupora, Dodoma. Mahindi ya mradi wa WEMA, ya kustahimili ukame, yalipandwa pale mwaka 2016 ndani ya uzio, chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufunga utafiti wa aina hiyo. Naliendele kazi yao kubwa ni korosho, na wana ufuta, karanga, muhogo.

Na jeni iliyokuwa kwenye mahindi yale ya ukame inatoka kwa bakteria wa udongoni pia, Bacillus subtilis. Inaitwa cspB. Kwa bakteria inasaidia seli kuvumilia baridi ya ghafla.

#18 Msafiri_Masasi
Baridi na ukame wapi na wapi?

#19 MwalimuNdanda
Protini yake inashika RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, isijikunje vibaya seli ikiwa kwenye msukosuko. Msukosuko wa baridi au wa kiu, kazi ni hiyohiyo.

#20 Tandahimba_Juu
Na mpunga wa dhahabu? Ule wenye jeni ya samaki?

#21 Bi_Mikindani
Huo hauna samaki kaka, huu nimewahi kuusoma kwa sababu ya watoto na upofu wa vitamini A. Toleo la kwanza, mwaka 2000, la Potrykus na Peter Beyer, lilikuwa na jeni kutoka ua la dafodili na nyingine kutoka kwa bakteria. Mwaka 2005 ile ya dafodili ikabadilishwa ikawekwa ya mahindi, na betakarotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, ikapanda mara 23. Ufilipino waliruhusu uzalishaji mwaka 2021, mahakama ya rufaa ikausimamisha Aprili 2024.

Mimi kinachonishangaza ni kingine. Ndugu zangu wa Unguja wanao mpunga unaitwa Supa BC. Ule ulitokana na mbegu ya Supa kupigwa mionzi, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ukatolewa kwa wakulima mwaka 2011. Mionzi inavuruga jeni bila kuchagua, halafu watu wanachagua miche iliyotoka vizuri. Hiyo hakuna anayeiita GMO na haina kizuizi. Kuingiza jeni moja inayojulikana kunazuiwa. Sisemi kipi ni sawa, lakini naomba mtu anieleze mantiki yake.

#22 Lukuledi
Mantiki ni ya hofu dada, na hofu nyingine ni halali. Mionzi haikuletei jeni ya bakteria kwenye mpunga, inaharibu kilichopo. Na jeni za kampuni zina wenyewe. Mbegu ikiwa na mwenyewe, mkulima anakuwa mpangaji kwenye shamba lake.

#23 BwanaShamba_Nachi
Hoja ya umiliki naikubali kabisa. Ila mwenye uzi aliomba tusiingie huko.

#24 Mkulima_Kitere
Kweli, turudi. Mpaka sasa nina majibu manne: ishara ya fenoli (#5), muda na fedha (#7), aina ya mbegu (#8), seli kukataa kuamka (#10). Mwalimu, umeona FundiChupa alivyokujibu kuhusu bunduki. Unasemaje?

#25 MwalimuNdanda
Nimeona. Nasema hivi: bunduki ni ushahidi wa bunduki. Kwa upande wa bakteria, ishara ni sharti. Ondoa asetosiringoni kwenye mpunga uone idadi inavyoporomoka. Na usisahau bakteria ni bora kuliko bunduki kwa kazi safi: yeye huweka nakala moja au chache, bunduki hurundika nakala nyingi zilizokatikakatika mahali pamoja, halafu jeni inanyamaza baada ya vizazi vichache. Ndiyo maana baada ya 1996 maabara nyingi zilihama. Ngano nayo ilianza kwa bunduki mwaka 1992, mwaka 1997 ikaja kwa bakteria.

#26 FundiChupa
Kwa ubora wa kazi tuko pamoja. Lakini mwalimu, nikuulize kuhusu mtama. Mtama umejaa fenoli. Kiinitete cha mtama ukikiweka kwenye chupa, ndani ya siku chache chakula cha chupa kinageuka zambarau iliyokoza, kisha cheusi, na kiinitete kinakufa kwenye uchafu wake. Tunatia mkaa maalumu kunyonya rangi, tunahamisha mara kwa mara, bado. Kama fenoli ndizo zinazomwita bakteria, mtama ungekuwa rahisi kuliko nafaka zote. Ndio mgumu kuliko karibu zote. Mtama wa kwanza wenye jeni ya kupandikizwa ulipatikana mwaka 1993 kwa bunduki, wa bakteria mwaka 2000, na mpaka leo maabara nyingi zinang'ang'ania mbegu moja ya Tx430.

#27 Mtama_Lindi
Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo, sasa mmefika nyumbani. Mimi natoka Mtama, Lindi, na mtama ndio chakula cha bibi zangu. Hakuna mtu atakayesema mtama ni mgumu bila kutaja mtama upi. Mwekundu wenye tanini unaachwa na ndege, mweupe unaliwa wote usipoamia. Huo weusi kwenye chupa unatoka kwa mwekundu au kwa wote?

#28 MwalimuNdanda
FundiChupa, fenoli si kitu kimoja. Asetosiringoni ni moja kati ya mamia. Mtama unaweza kujaa fenoli nyingine zinazooza kwa hewa na kuua seli, na usiwe na ile inayomwita bakteria. Hoja yako haijaangusha yangu.

#29 FundiChupa
Haijaiangusha, ila imeiacha na kazi ya kueleza. Mtama_Lindi, wote hutoa, tofauti ni kiasi. Tx430 inapendwa kwa sababu hiyo, rangi yake ni kidogo. Ya kwetu ya huku sijawahi kuiona ikiwekwa kwenye chupa.

#30 Chikongola
Watu wa Lindi bwana, mpaka uzi wa maabara mmeuleta kwenye kuamia ndege.

#31 Mtama_Lindi
Kuamia ndege ndiko kulikosomesha watu Chikongola, nenda kalale.

#32 Mwanafunzi_Nangurukuru
Habarini wakubwa. Nasoma bioteknolojia, naomba kuongeza la karibuni maana mmeishia 2000.

Mwaka 2016 Lowe na wenzake, watu wa DuPont, walionyesha kwamba ukiweka pamoja na jeni yako jeni mbili za mahindi zinazoendesha ukuaji wa kiinitete, Baby boom na Wuschel2, aina za mahindi zilizokuwa zinakataa zinakubali. Walipata pia matokeo kwenye mtama, miwa na mpunga wa indika. Mwaka 2020 Debernardi na wenzake wakafanya kitu kinachokaribiana kwa ngano, kwa kuunganisha jeni mbili, GRF4 na GIF1. Hapo mimi naona #10 amepata pointi kubwa: jeni hizi hazifungui mlango, zinaamsha seli. Zikiamka, aina ya mbegu ya #8 inapungua umuhimu. Haiishi, inapungua.

#33 BwanaShamba_Nachi
Kijana umesema vizuri, ila angalia: kama aina moja ya mahindi inaamka yenyewe na nyingine mpaka isukumwe, tofauti yao iko kwenye jeni zao. Hiyo ni hoja yangu, umeivalisha nguo nyingine.

#34 Msafiri_Masasi
Na hii CRISPR inayosifiwa? Nilidhani imemaliza mambo haya yote ya chupa.

#35 Mwanafunzi_Nangurukuru
Hapana mkuu, watu wengi wanadhani hivyo. CRISPR inakata DNA mahali ulipopachagua. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walitoa andiko lao 2012, mwaka 2013 ikatumika kwenye mpunga na ngano, 2020 wakapata Nobel ya Kemia. Lakini kifaa chenyewe lazima kiingizwe kwenye seli, kwa bakteria au kwa bunduki, na seli hiyo lazima iwe mmea. Chupa zote za #10 zipo palepale. Faida ni kwamba baadaye unaweza kukiondoa kifaa kwa kuchavusha, ukabaki na mmea usio na jeni ya nje. Kenya walitoa mwongozo wa mimea iliyohaririwa mwaka 2022, na isiyo na jeni ya nje huwa haihesabiwi kuwa GMO.

Kwa mtama kuna jambo linawahusu nyinyi wa kusini. Kuna jeni inaitwa LGS1. Mtama ambao jeni hiyo imeharibika hutoa kwenye mizizi ishara ya aina nyingine, na mbegu za kiduha zilizo ardhini haziamki kwa wingi. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Kenyatta wamekuwa wakiihariri jeni hiyo kwa CRISPR.

#36 Mtama_Lindi
Kiduha! Hapo umetaja jina la adui. Ua zuri la rangi, chini ananyonya mzizi, mtama unabaki mfupi umekunjamana kama hauna mbolea. Ukimng'oa ameshamwaga mbegu, na mbegu zake zinakaa ardhini miaka. Mama yangu aliacha kipande kizima cha shamba kwa sababu yake. Sasa niambieni, mtama wetu unaweza kufanyiwa hivyo au mpaka uwe Tx430?

#37 FundiChupa
Hapo ndipo majibu yote manne yanakutana, na hakuna anayeweza kukujibu, kwa sababu kinachotakiwa kwanza hakijafanywa. Kabla ya jeni, bakteria au CRISPR, unachukua viinitete vya mtama wako, unaviweka kwenye chupa na 2,4-D, unaangalia: vinatoa kalasi? Vinageuka vyeusi kiasi gani? Vinatoa mche? Hiyo ni kukuza tishu tu, haiingizwi jeni yoyote, haikatazwi na mtu. Ni kazi ya meza safi, chupa na uvumilivu. Mtama ukishindwa hapo, mabishano ya bunduki na bakteria hayana kazi.

#38 Lukuledi
Na nani atalipia? Narudi kwenye #7 yangu. Mahindi yalikuwa na kampuni nyuma yake. Mtama wa Lindi una nani?

#39 BwanaShamba_Nachi
Safari hii sikupingi.

#40 Mkulima_Kitere
FundiChupa, kiinitete kinachukuliwa lini? Wa kwangu unachanua mvua zikielekea kuisha.

#41 FundiChupa
Wiki mbili hivi baada ya kuchanua, punje ikiwa laini, ukiibana inatoa maji ya maziwa. Tatizo letu ni umbali. Suke likishakatwa linavumilia siku moja mbili kwenye ubaridi, baada ya hapo viinitete vinazeeka. Kutoka kwako mpaka maabara ya Mikocheni, Dar es Salaam, ni basi la siku nzima. Njia nzuri ni kupeleka mbegu kavu, ipandwe hukohuko karibu na maabara. Ila mitama mingi ya kienyeji inafuata urefu wa siku, kwa hiyo tarehe ya kupanda lazima ilingane na ya huku. Ukiipanda mwezi usio wake, inarefuka tu kwa majani bila kuchanua.

#42 Mtama_Lindi
Mimi ninao mwekundu na mweupe, yote ya kurithi, haijawahi kuchanganywa na ya dukani. Nitaweka kando kilo ya kila mmoja baada ya mavuno. Mwenye maabara aseme.

#43 MwalimuNdanda
Weka na asetosiringoni pembeni FundiChupa, nataka jaribio lenye na lisilo nayo.

#44 FundiChupa
Mwalimu, kwanza tuone kama kitaamka.